Pole ya Ukutani

Saa yangu ya mkononi imeanza kusema uongo.
Saa mbili na nusu asubuhi, na jua ndiyo kwanza
linajikokota juu ya mawe ya kijivu ya Aberdeen;
saa tisa na nusu linaaga,
halijamaliza hata chai.
Aliyeanza kuhesabu saa zetu tangu macheo
hakuwahi kulala katika bweni hili,
ghorofa ya tatu, chumba cha kumi na nne,
kitanda chembamba kama meza ya kupigia pasi,
dirisha linafunguka upana wa kiganja, basi,
wasije wakatupoteza.

Mlangoni wamebandika kadi: NGWASI.
Wamesahau kile kitone cha juu,
kitone kinachomfanya ng'ombe awe ng'ombe
na mimi niwe mimi.
Anayeniita hulikwaruza kooni.
Naitika. Hata ufunguo unaokwama
mtu huuzoea.

Jikoni tuko sita na friji moja.
Kila rafu na jina lake, kila yai na mwenyewe.
Maziwa yameandikwa kwa wino mzito: YA FRASER.
Kuna sufuria imelowekwa tangu Jumanne ya juzi.
Sufuria ile haina jina.

Mama hupiga Jumapili kutoka Ngudu.
"Unakula?" Nakula.
"Jirani zako akina nani?"
Nikamwambia: kushoto, gitaa,
wimbo mmoja, kosa lilelile, palepale;
juu, mtu anayevua viatu, kimoja kinaanguka,
unangoja cha pili mpaka usingizi unaruka;
kulia, kikohozi.
"Kikohozi kinaitwa nani?"
Nikanyamaza. Mama, anayewajua
mbuzi wa jirani kwa majina,
akasema "Haya," ile haya ndefu.

Kikohozi chenyewe kilianza na baridi ya Oktoba.
Kikavu, mara tatu, kimya, mara moja.
Na mimi, kwa mazoea tu, bila kuinua kichwa
kutoka kwenye hesabu za mihimili na mizigo,
nilikuwa nasema: pole.
Ukuta haukujibu.
Kuna usiku tulikesha hivyo, kikohozi, pole, kikohozi, pole,
kama watwangaji wawili wa kinu kimoja
wasioonana.

Halafu Alhamisi, saa kumi kasorobo usiku, king'ora.
Mtu alikuwa ameunguza mkate. Huwa ni mkate.
Tukamwagika ngazi zote tatu mpaka uani,
Fraser na taulo, mwenye gitaa na gitaa lake,
mimi na kitenge, blanketi, kandambili juu ya soksi.
Umande umeganda kwenye nyasi kama chumvi.
Wazimamoto wakapita bila haraka,
kama waliokuja kusoma mita.

Nyuma yangu: kikavu, mara tatu, kimya,
mara moja.
"Pole," nikasema kabla sijageuka.

Msichana mrefu, nywele zimelowa,
koti limemzidi mabega.
"Kumbe ni wewe," akasema. "Poli. Ndiyo nini hiyo poli?
Nilidhani una paka."

Nikajaribu. Si samahani, sijakukosea kitu.
Si kukuonea huruma pia. Ni kwamba ukijikwaa,
hata kama mimi sikuwepo njia hiyo,
nashika upande mmoja wa kidole.
Kiingereza changu kikaishia hapo, kidoleni.
Akacheka, akakohoa,
akanitazama, akingoja.
Nikampa.

Anaitwa Màiri, wa kisiwani Lewis.
Huongea na bibi yake kwa Kigaeli, kajifunika shuka
ili tusisikie. Jina lake nalo lina mkwaju juu ya a,
na kwenye kadi wamelinyoa.

Asubuhi, kama ile ni asubuhi,
nimekuta mtu kapita mlangoni kwangu na kalamu.
Wino mzito. Kalamu ya Fraser, naijua.
N'GWASI.
Kitone kimeketi kabla ya zamu yake.
Nimekitazama, mswaki mdomoni, maji yakichuruzika.
Nimekiacha.